Afya ya wafanyakazi kwa bajeti ndogo: maswali yenu na majibu

Wiki hii nimechagua maswali ya waajiri wadogo, wale ambao wafanyakazi wao wote wanaenea kwenye Hiace moja. Karibu kila aliyeandika anauliza anunue nini. Majibu yangu mengi yataanza na muda, kwa sababu hapo ndipo naona watu wakiumizwa.

Nina karakana ya kushona sare za shule Mbagala, mafundi 9. Nimeamua kutenga laki moja kila mwezi kwa ajili ya afya yao. Rafiki yangu anashauri bonanza na fulana. Wewe ungeanzia wapi?

Bonanza lisubiri. Sipingi mazoezi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na watu kutembea pamoja asubuhi hakugharimu kitu. Lakini mafundi wako wanashinda wameinamia cherehani wiki nzima, na fulana haitawanyoosha mgongo.

Tazama kwanza ratiba yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apate mapumziko ya dakika 60. Najua shule zikikaribia kufunguliwa Januari wazazi wanajaa mlangoni na mafundi wanakesha. Hata msimu huo, saa za ziada hazitakiwi kuzidi 50 ndani ya wiki nne, na kila saa hulipwa mara moja na nusu. Kama oda zimekuzidi, tafuta fundi wa msimu au mwambie mteja ukweli mapema. Kumbakisha mama wa watu kwenye cherehani hadi usiku wa manane, kisha ukamnunulia soda, si kumtunza.

Sasa ile laki. Itumie kwa vitu wanavyovigusa kila siku. Ondoa vigoda. Ongea na seremala wa mtaani akutengenezee viti vyenye egemeo, vichache kila mwezi kadiri fedha inavyoruhusu, na kila fundi apimiwe urefu wake, ili nyayo zilale vizuri kwenye pedali na mabega yasipande. Anayeshona vitambaa vyeusi, sketi na suruali za bluu iliyoiva, mpe taa yake mwenyewe karibu na sindano. Pasi isogezwe dirishani. Vumbi la nyuzi likusanywe kwa kitambaa kibichi, maana ufagio mkavu unalirusha hewani na wote wanalivuta. Maji safi ya kunywa yawepo saa zote, na choo kiwe cha kuingilika. Nimeona karakana zenye wanawake wanaojizuia kunywa maji kutwa nzima kwa sababu ya choo tu.

Na kabla hujanunua chochote, muulize kila fundi peke yake ni kitu gani kinamuumiza. Kwenye kikao watakwambia kila kitu kiko sawa, bosi.

Vijana wangu wa duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza, wanakula andazi na soda mchana. Nawapa posho ya chakula lakini hawaitumii. Nifanyeje?

Ndugu yangu, wanaitumia, ila nyumbani. Ile hela ni nauli ya mtoto au unga wa jioni. Usiikate ghafla ukaita hiyo ni afya. Tayari ni sehemu ya kipato chao, na badiliko lolote lipite kwa makubaliano.

Jaribu kuzungumza na mama lishe wa jirani. Mlipe mwanzo wa wiki kwa sahani kamili: ugali au wali, maharage au dagaa, na mboga za majani za kutosha. Akipata fedha mapema anaenda sokoni na uhakika, na bei ya sahani inaweza kushuka. Mwombe pia apunguze chumvi na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai.

Nimenunua kipima presha cha ofisi. Je, niwe naandika matokeo ya kila mtu kwenye faili?

Hapana. Kila mtu awe na kijidaftari chake akitunze mwenyewe, na asiyetaka kupima asisukumwe. Apimwe akiwa ameketi ametulia dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla. Kipimo kimoja cha juu si ugonjwa. Ikirudi kufika 140/90 au zaidi siku nyingine, mpe ruhusa ya kwenda kituo cha afya bila kumkata siku.

Karani wangu anarudi kutoka likizo ya uzazi. Ofisi yetu ni chumba kimoja.

Sheria inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya saa za kazi, na wengi hawalijui hilo. Kaeni mpange: aingie saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au aende nyumbani mchana kama ni karibu. Kama atakamua maziwa, pazia zito na kiti kwenye kona vinatosha kumpa faragha. Kwa joto letu maziwa yakae kwenye friji, au kwenye kijisanduku chenye barafu hadi jioni.

Kijana wangu mmoja amebadilika. Anachelewa, simu zinampigia mfululizo, amekuwa mkimya. Nimsemeshe au nimwache?

Msemeshe, faraghani, na usianze na kuchelewa kwake. Mwambie umeona hayuko sawa, kisha nyamaza umsikilize. Simu hizo mara nyingi ni za wakopeshaji wa kausha damu. Kama ndivyo, mkopeshe sehemu ya mshahara bila riba, kwa maandishi, na marejesho madogo anayoyamudu. Kama amefiwa na mzazi, ndugu, mwenza au mtoto, sheria inampa walau siku 4 zenye malipo, na wewe unaweza kuongeza.

Usijifanye daktari. Akionekana hali wala halali, mpe ruhusa aende hospitali. Zile za rufaa za mikoa hutoa huduma ya afya ya akili. Akisema haoni sababu ya kuishi, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Na mshahara, wake na wa wenzake, utoke tarehe ileile kila mwezi. Ukijua utachelewa hata siku mbili, waambie wiki moja kabla, wasilazimike kukopa.