Maswali ya Wasomaji: Kwani Nikeli Haifai?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi fundi pikipiki huku Ngara. Nilisikia haidrojeni inatolewa kwenye maji kwa umeme wa jua nikasema ngoja nijaribu, nikachukua betri ya pikipiki, misumari miwili na maji ya chumvi. Mapovu yalitoka kweli ila baadaye maji yakawa rangi ya kutu na harufu kama ya jiki. Halafu nasikia mitambo ya wenzetu inatumia platinamu na iridiamu, ghali balaa. Sisi nikeli tunayo hapa Kabanga, kwani haifai?

JIBU: Marahaba fundi. Kwanza hilo jaribio acha leo leo, hiyo harufu ni klorini inayotoka kwenye chumvi, ukiivutia ndani ya chumba utaumia kifua. Ile kutu nayo ni msumari wa upande chanya unaliwa, we angalia vizuri, umekonda, mwenzake wa upande hasi mzima. Na hapo ndo kesi nzima ilipo. Upande hasi haidrojeni inatoka bila shida kubwa, upande chanya inatakiwa itoke oksijeni, kazi ngumu, na metali inakaa mahali panapotaka kuiozesha muda wote.

Kitabuni maji yanaachana kwa volti 1.23, ila mitambo inakula kama 1.8 hadi 2, ziada inaishia kuwa joto. Kichocheo, yaani metali inayorahisisha kazi bila yenyewe kuliwa, kama hizo platinamu na iridiamu, kipo kuipunguza hiyo ziada. Sabatier, yule Mfaransa wa Nobeli ya 1912, alishasema metali nzuri haizishiki sana chembe zinazokutana nayo wala haiziachii mapema, kama konda wa daladala, akuvute upande lakini kituoni akuachie ushuke. Kwa haidrojeni platinamu iko hapo hapo katikati.

Iridiamu, ile ya upande chanya, watu wanadhani inatumika kwa sababu ina kasi kuliko zote, wapi, oksaidi ya ruteniamu inaishinda, ila kwenye mitambo ya asidi ruteniamu inayeyuka mapema, iridiamu inavumilia. Na dunia nzima inapata kama tani 7 au 8 tu kwa mwaka, nyingi Afrika Kusini, tena inatoka pamoja na platinamu, huwezi kuamua tu kuchimba zaidi.

Nikeli yako sasa. Kwenye asidi italiwa tu. Kwenye alkali, kinyume cha asidi, kama maji ya kostiki, inajijengea ngozi ya oksaidi inayoilinda, na mitambo ya hivyo ipo miaka mingi tu. Kazi ni kuiongezea uso: Mmarekani Raney miaka ya 1920 aliichanganya na alumini, akaitia kwenye kostiki, alumini ikayeyuka ikabaki nikeli yenye vitundu kila mahali. Halafu kuna hili linanichekeshaga, miaka mingi nikeli ilisifiwa kwa kutoa oksijeni, kumbe sifa nyingi ni za uchafu kidogo wa chuma uliokuwemo kwenye ile alkali, walipousafisha kasi ikashuka! Siku hizi chuma kinawekwa makusudi. Kwa hiyo nikeli inafaa, ila isafishwe kwanza, ya kwenye mwamba hivi hivi hapana.

SWALI: Kilo moja ya haidrojeni inakula umeme kiasi gani? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Kihesabu uniti 39 hivi, mitambo mingi inakula 50 hadi 55. Maji lita 9 tu, hayo sio tatizo. Tofauti ya hizo uniti ndo wanayoipigania watu wa vichocheo.