Jibu: "shamefaced" halikutoka kwenye uso

Salaam mkuu. Umeuliza asili ya neno la Kiingereza "shamefaced" (mwenye kuona aibu), na umekwama kwa sababu linaonekana kuwa "aibu" na "uso", ila kamusi inakupeleka "shamefast". Kamusi iko sahihi.

Anza na umbo la zamani zaidi, siku zote. Kiingereza cha Kale kilikuwa na "scamfæst". Hiyo "fæst" ni imara, iliyokazwa. Ndiyo iliyomo kwenye "steadfast" na "fasten", wala haihusu mwendo kasi. Kwa hiyo shamefast ni mtu aliyeshikwa na haya, mwenye staha. Ilikuwa sifa njema!

Karne ya 16 watu walishasahau kazi ya "-fast" mwishoni mwa neno. Matamshi yanakaribiana, na aibu huonekana usoni, basi wakaligeuza "-faced". Ushahidi mzuri ni Biblia ya King James: chapa ya 1611, 1 Timotheo 2:9, ina "shamefastness" (hapa kwa tahajia ya leo), matoleo ya baadaye yakaweka "shamefacedness". Maana nayo ikateleza, kutoka staha hadi kufedheheka kwa kosa.

Usiitumie kanuni hii kwa "barefaced" (asiye na haya) au "two-faced" (mnafiki). Hayo ni uso kweli.