Mwali wa jiko la feni unaoruka na kukatika

Dada, umeeleza kwamba jiko lako la vidonge vya mbao (unga wa mbao ulioshindiliwa), unalokaangia mandazi pale Kariobangi, Nairobi, huwaka vizuri kwa muda, lakini ukiongeza feni mwali huruka, hukatika na kuacha moshi mzito. Kwa maelezo hayo, sidhani kosa ni la vidonge, hewa imezidi.

Jiko la namna hii hutumia hewa mbili. Ile ya chini, inayopita kwenye wavu, huamua vidonge vitoe gesi kwa kasi gani, na ile ya juu, inayoingia kwa matundu madogo karibu na ukingo, ndiyo inayoiunguza gesi hiyo. Ukifungua feni yote, gesi hupanda upesi kuliko mwali unavyoweza kuishika, na hewa baridi huupoza hadi ukazimika. Ule moshi mweupe ni gesi yako inayopotea bila kuungua.

Anza kwa kuziba nusu ya kidirisha cha chini, kinachoingiza hewa ya wavu, kwa kipande cha bati, ukiyaacha matundu ya juu wazi, kisha ongeza hewa kidogo kidogo, ukisubiri dakika mbili tatu kila mara. Yazibue pia matundu hayo kwa msumari, kwani masizi yakiyaziba upande mmoja mwali huegemea. Kibanda kikiwa wazi kwa upepo, mafundi wa bati wa Kamukunji, hapo Nairobi, watakukunjia bati la kukinga.

Mwali ukiisha yakabaki makaa, usiliingize jiko chumbani: makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu, nayo haina harufu.