Baiskeli nzito ya umeme: kabla ya kununua, hesabu ngazi

Baiskeli yangu ya umeme ina kilo 27, karibu mara mbili ya ile ya kawaida niliyokuwa nayo. Nimeiendesha mwaka mmoja na nusu, kwenda na kurudi kazini. Ukiwa juu yake uzito huo huusikii. Unausikia ukishashuka.

Juu ya tandiko ni raha. Matairi ni mapana na hayajazwi upepo mwingi, kwa hiyo mashimo madogo ya barabarani huishia humo kabla hayajafika mgongoni. Usukani uko juu, unakaa wima, shingo haichoki. Hata nikifunga mzigo wa kilo 15 kwenye keria, inatulia njiani. Raha yenyewe hasa iko kwenye taa za barabarani: zikiwaka kijani, unakanyaga pedali kidogo tu, mota inakuondoa, nawe unafika bila jasho.

Sasa ngazi. Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Nilichomoa betri kwanza, kilo 3 zikapungua, lakini zile 24 zilizobaki hazina pa kushika: fremu iliyoinama katikati ili upande kwa urahisi haina bomba la juu la kuegemeza begani. Wiki mbili tu, kiuno kikaanza kuuma. Mwishowe niliomba nafasi chini ya ngazi, nikaifunga kwa mnyororo mnene kwenye nguzo, na sasa napanda na betri peke yake kwenda kuichaji. Kama huna mahali salama pa kuilaza chini, nakusihi tafuta nyepesi zaidi, hata kama hii imekupendeza namna gani.

Betri ya wati-saa 500 (ndicho kiasi cha umeme inachobeba) hunipeleka kama kilomita 50 kwenye tambarare. Milima na upepo wa mbele huzila haraka. Ikiisha njiani, tambarare utajikongoja kwa gia nyepesi, ila mlimani utashuka usukume, na hapo kila kilo utaijua. Ndiyo maana nisingenunua isiyo na kitufe cha kuisaidia itembee yenyewe taratibu unapoikokota.

Breki ziwe za diski, za majimaji, yaani zinazosukumwa na mafuta badala ya kuvutwa kwa waya. Uzito huu ukiteremka una nguvu, na pedi huisha upesi, basi zikague mara kwa mara.

Pancha ya gurudumu la nyuma lenye mota ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ya waya na nati zake kubwa. Fundi mmoja alinionyesha kwamba si lazima kulifungua: ilaze baiskeli, toa tairi upande mmoja, vuta tyubu nje, ziba, rudisha. Dakika ishirini.

Ukienda kuijaribu, usiishie kuizungusha uwanjani. Zima mota, panda nayo mwinuko mfupi, kisha ibebe ngazi kumi.