Anthropolojia haiishii kwenye mifupa

Ndugu, umeuliza kama anthropolojia ni somo la mifupa na watu wa kale tu. Hapana. Inamchunguza mwanadamu mzima, wa zamani na wa leo. Mpango wa Marekani wa kuligawa somo hili, uliotiwa nguvu na mwanaanthropolojia Franz Boas, una matawi manne: utamaduni, biolojia ya binadamu, akiolojia (uchunguzi wa mabaki ya kale) na lugha.

Nimeisoma hapa Lubumbashi, na mfano ninaoupenda ni makaburi ya kale ya Sanga, kando ya ziwa Kisale huku kusini-mashariki mwa Kongo, yaliyochimbwa 1957 na 1958. Vyungu na misalaba midogo ya shaba waliyozikwa nayo wafu ni kazi ya akiolojia. Mifupa yenyewe ni ya tawi la biolojia. Lakini anayekaa Katuba, sehemu ya mji huu wa Lubumbashi, miezi mingi akifuata namna familia zinavyopatana mahari au kuendesha matanga, naye ni mwanaanthropolojia kamili. Anayesikiliza watu wanavyochanganya Kiswahili na Kifaransa sokoni, vilevile.

Ila angalia: Ufaransa na Ubelgiji, akiolojia na isimu (somo la lugha) kwa kawaida hufundishwa kama masomo ya kujitegemea. Ndiyo maana vitabu vyao havihesabu matawi sawasawa na vya Marekani.