Kabla hamjafunga dripu, pangeni kwanza mgao wa maji

Nimekaa na kamati za watumiaji maji muda mrefu sasa, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: tukifunga umwagiliaji wa matone, yaani dripu, ile mipira inayodondosha maji kwenye mzizi, si tutaokoa maji? Jibu langu huwa linawaudhi watu, hasa wale walioshaahidiwa ruzuku. Dripu ni nzuri, inaongeza mavuno, inapunguza magugu, mbolea inafika kwenye mzizi. Ila mto haiuokoi. Peke yake haiuokoi kabisa.

Ngoja nielezee manake hapa ndo wengi wanapopotea. Ukimwagilia kwa mfereji maji mengi yanazama chini na wewe unahesabu yamepotea, kumbe sehemu kubwa inarudi mtoni au inaingia ardhini na jirani wa chini anakuja kuyachota kisimani kwake. Sasa ukishafunga dripu yale maji hayazami tena, karibu yote yananywewa na mmea na kupanda hewani, halafu unaona bwawa lako bado lina maji, na sijawahi kukutana na mkulima anayeangalia maji yamekaa tu, ataongeza kile kipande kilicholala au atahamia zao linalolipa zaidi ambalo mara nyingi ndo linakunywa zaidi. Mwisho wa hesabu mto unapungua. Mchumi wa Kiingereza William Stanley Jevons alishaandika jambo kama hili mwaka 1865 kuhusu makaa ya mawe Uingereza, kwamba injini ikitumia makaa kidogo kwa kazi ileile, matumizi ya nchi nzima yanapanda badala ya kushuka. Na kilimo ndicho kinachochukua takribani asilimia 70 ya maji yasiyo na chumvi ambayo binadamu anayavuta duniani, kwahiyo hapa hatuongelei kitu kidogo.

Nimeliona hili kwenye mfereji mmoja niliokuwa naufuatilia. Wa juu walipata ruzuku ya dripu, mashamba yakapendeza, kilimo kikapanda mpaka kwenye mteremko uliokuwa malisho. Kule mkiani visima vikaanza kutoa maji ya tope, kamba za ndoo zikaungwa zikaungwa tena. Na kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuna aliyeiba, kila mtu alifuata sheria, manake mradi ulihesabu ekari zilizofungwa mipira, maji yenyewe hayakuhesabiwa na mtu.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli ndo wenye uzito kuliko mingine yote, anzeni na mgao. Kaeni mkubaliane jumla ya maji yanayoruhusiwa kutoka mtoni msimu mzima, eneo gani litamwagiliwa, na ukame ukija nani anapunguza kiasi gani. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza mifereji yao kwa karne nyingi na akakuta vitu vinavyojirudia: watumiaji wenyewe wanashiriki kutunga sheria, walinzi wanawajibika kwao, na faini inaanza ndogo halafu inapanda kwa anayerudia. Kule Valencia, Hispania, mahakama ya maji inakaa kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, kesi inasikilizwa kwa mdomo na hukumu inatoka hapohapo. Haraka hiyo ina maana kubwa, kesi ya maji ikisubiri miezi mazao yameshakauka.

Na wekeni daftari la mita za maji ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua, la wa juu na la wa mkiani, lisomwe kwa sauti kwenye kikao. Mkiona kuna mtu anakwepa kusomewa, anzeni na huyo.

Jambo lingine, umeme wa bure kwa pampu. Naelewa kwanini wakulima wanaudai, gharama zinabana jamani. Ila angalieni Punjab ya India, umeme wa pampu wa bure umechangia sana maji ya ardhini kushuka, mpaka mwaka 2009 wakatunga sheria ya kuchelewesha upandikizaji wa mpunga usianze kwenye joto kali. Mwaka 2018 wakaanza kujaribu njia nyingine, mkulima anapangiwa kiwango cha umeme na asipoutumia wote analipwa kwa uniti zilizobaki. Hiyo naipenda sana. Msaada unabaki mfukoni mwa mkulima na pampu inapata sababu ya kuzimwa. Mkikaa na serikali ombeni msaada wa namna hiyo.

Na kama ruzuku ya dripu imeshafika mlangoni, chukueni, lakini mkataba uandikwe kwamba sehemu ya maji yaliyopungua kwenye matumizi inabaki mtoni na eneo halipanuliwi. Isainiwe kabla mipira haijashushwa kwenye gari, manake shamba jipya likishapandwa na mkopo wake ukishaanza kudai, hakuna kamati itakayoweza kumwambia mwenye shamba aling'oe.