Jibu: Picha za chukudu ziko safi lakini hazina uhai

Jambo ndugu. Unasema chukudu (skuta za mbao za kubebea mizigo) unazopiga picha Goma, Kongo, zinatoka safi kabisa, ila picha hazisemi kitu. Angalia kwanza shata, yaani muda kamera inaofunguka kupokea mwanga: 1/1000 ya sekunde inagandisha magurudumu, chukudu inaonekana imeegeshwa. Amua unataka kuonyesha nini. Kama ni mwendo, weka shata 1/30, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/16, asubuhi mapema, maana jua la mchana litaichoma picha. Mfuate mwendeshaji kwa kamera kabla hajakufikia, bonyeza bila kusimamisha mikono. Katika picha 20 labda 2 zitafaa, ni kawaida. Kama ni uzito wa mzigo, 1/500 yatosha. Chuchumaa penye mlima, pale anaposukuma. Tena lava nyeusi, yale mawe ya volkano yaliyoko Goma, hudanganya kipimo cha mwanga cha kamera, picha inapauka: punguza mwanga hatua 1.